Mkirudi Aprili, Msikimbilie Jembe

Kila mwaka katikati ya Aprili mimi na mwenzangu hushuka uwanja wa ndege wa Pearson, Toronto, tukiwa na masanduku manne na viatu vyenye mchanga wa Tanga. Miezi mitano tumekuwa watu wa kwetu: tumeamka na adhana, tumenunua samaki wa asubuhi ufukweni, tumekaa barazani mpaka usiku tukipepewa na kaskazi. Tunaondoka masika yakibisha hodi. Tukifika Scarborough tunakuta theluji chafu bado imejibanza upande wa nyumba usiopata jua, miti haina jani hata moja, na barua zimejaa kikapuni kwa jirani.

Yeye aliendesha basi la jiji, mimi nilikuwa muuguzi. Tangu tustaafu, hivi ndivyo tunavyoishi, na najua tuko wengi: wazee wa Kitanzania, Wakenya, Wakongo, Wazanzibari, tuliozeeka katika nchi za baridi na ambao magoti yetu yamekataa Januari ya huku. Kuhusu kwenda, tunashauriana sana. Kila mtu ana neno kuhusu tiketi, mizigo na zawadi. Kuhusu kurudi hatuzungumzi, na kurudi ndiko kunakotuumiza. Mtu anatua Jumamosi, Jumapili yuko juu ya ngazi anasafisha magata, Jumatatu anapalilia bustani, Alhamisi yuko hospitali. Nimewapokea wazee wa namna hiyo wodini kwa miaka mingi, na Aprili ilikuwa na foleni yake.

Kazi za machipuko ni nyingi kweli, ila zina mpangilio. Kwanza mwili, kisha maji ya nyumba, halafu karatasi, na udongo mwisho. Wengi wetu tunaanzia kwenye udongo, kwa sababu ndio unaotuita.

Siku tatu za mwanzo ni za mwili. Kati ya Tanga na Toronto mwezi Aprili kuna tofauti ya saa saba, na mwili wa mtu wa miaka 70 hauzikubali saa hizo kwa usiku mmoja. Utaamka saa nane za usiku ukiwa na njaa ya chai ya asubuhi. Usipigane nao. Kunywa chai yako, swali, soma, ila kukipambazuka toka nje dakika ishirini ukiwa umevaa koti, kwa sababu mwanga wa asubuhi ndio unaoirudisha saa ya mwili mahali pake. Katika siku hizo tatu usiendeshe gari mbali, usipande ngazi, wala usiinue sanduku peke yako. Mguu mmoja ukivimba na shavu la mguu likauma, au pumzi ikawa fupi ghafla, usingoje asubuhi. Kukaa muda mrefu kwenye kiti cha ndege kunaweza kugandisha damu miguuni, na donge likifika kwenye mapafu linaweza kuua.

Sasa malaria, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Tuna mazoea ya kusema, mimi nimezaliwa nayo, hainitishi. Kinga tuliyokuwa nayo tulipokuwa watoto Pangani au Muheza ilijengwa kwa kuumwa na mbu mwaka baada ya mwaka, na ukiishi nje inapungua. Wajukuu waliozaliwa huku hawana kabisa. Homa ya malaria hatari zaidi inaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya kurudi, pengine hata miezi mitatu, wakati ambapo wewe mwenyewe umeshasahau kwamba ulisafiri. Aprili ni mwezi ambao mafua ya huku bado yapo, kwa hiyo mgonjwa anajiambia ni mafua tu, anajifunika blanketi. Ukipata homa ndani ya miezi hiyo, nenda siku hiyohiyo, na ukifika mapokezi sema hivi kabla hujaulizwa: nimetoka Tanzania tarehe fulani, nina homa, naomba nipimwe malaria leo. Daktari kijana ambaye hajawahi kuiona malaria hawezi kuifikiria kama hujamtajia.

Na vidonge vya kinga, kama mlipewa, havikomi uwanja wa ndege. Vile vya atovakuoni na proguanili humezwa siku saba zaidi baada ya kutoka eneo lenye malaria, na doksisaiklini wiki nne zaidi. Nimeona wengi wanaoviacha siku ya kutua, kana kwamba mbu wamefungiwa mpakani.

Dawa zenu nyingine zote, za presha, sukari, moyo, zilizonunuliwa huku na zilizonunuliwa kule, zitieni kwenye mfuko mmoja mmpelekee mfamasia wenu. Kidonge kilekile kina majina mawili katika nchi mbili, na nimeshuhudia mzee akimeza dozi mara mbili kwa wiki tatu bila kujua.

Baada ya mwili, nyumba. Na katika nyumba kinachotangulia ni maji.

Tunapoondoka Novemba tunafunga koki kuu iliyo kwenye besimenti, tunafungua mabomba yote mpaka yatoe tone la mwisho, na tunaiacha hita ya nyumba kwenye nyuzi 12. Hatukuzaliwa tunajua hivyo. Safari yetu ya tatu tuliondoka maji yakiwa wazi, tukamwachia rafiki ufunguo apite kila baada ya wiki mbili. Februari hita ilizimika, bomba la jikoni likaganda, likapasuka, na barafu ilipoyeyuka maji yakashuka besimenti siku sita kabla hajafika mtu. Kampuni ya bima ilikataa kulipa. Tulipoletewa mkataba tukaonyeshwa kifungu: wakati wa baridi, nyumba ikiwa haina mtu, lazima ikaguliwe kila baada ya siku chache au maji yawe yamefungwa na mabomba kumwagwa. Kilikuwepo miaka yote, nasi hatukuwahi kukisoma. Tulilipa wenyewe, na zulia la besimenti, lililokuwa na alama za miguu ya watoto wetu, likaenda jalalani.

Kwa hiyo someni mkataba wenu. Wiki ya kurudi ndiyo wiki nzuri ya kuusoma, wakati mmekaa na mnayo simu mkononi ya kuuliza, kuliko Novemba mnapofunga masanduku. Anayewakagulia nyumba aandike tarehe na apige picha ya themostati kila anapoingia. Picha hizo ni ushahidi.

Kufungua maji ni kazi ya watu wawili. Mwenzangu anasimama kwenye koki kuu, mimi niko bafuni ghorofani, mabomba yote yako wazi, na simu zetu ziko hewani. Anaizungusha robo tu. Kwanza kunasikika mlio wa hewa, kama mtu anayevuta pumzi baada ya kulia. Kisha bomba linakohoa, linatema maji ya rangi ya kutu, linanyamaza, linakohoa tena. Namwambia, ngoja. Napita chumba hadi chumba nikiwa na tochi, natazama chini ya kila sinki, nyuma ya choo, dari ya jikoni iliyo chini ya bafu. Natandika karatasi kavu ya tishu chini ya kila kiungo, maana tishu itaonyesha unyevu ambao jicho la mzee halioni. Kukiwa kukavu namwambia, haya, ongeza. Zoezi zima linachukua kama saa moja. Ukifungua kwa nguvu kwa mara moja, maji yanapiga ukutani kama nyundo na kiungo kilichochoka kinaachia.

Kabla ya kuoga, fungueni kichwa cha bomba la mvua mkakitoe, kisha acheni maji yatiririke dakika kadhaa, ya baridi na ya moto, huku mlango wa bafu umefungwa nanyi mko nje. Maji yaliyolala miezi kwenye mabomba na kwenye tangi huzaa bakteria wa lejionela, ambao huingia mapafuni kwa mvuke na matone madogo, na wanaoumia zaidi ni watu wa umri wetu na waliovuta sigara. Tangi la maji ya moto lisiwashwe mpaka limejaa kabisa, na joto lake lisiwe chini ya nyuzi 60. Kama kuna watoto wadogo nyumbani, fundi awafungie kifaa cha kuchanganya maji ili yatokayo bombani yasiwaunguze.

Mkisikia harufu ya choo nyumba nzima wakati vyoo ni visafi, msimwite fundi bado. Ile kona ya bomba chini ya kila sinki huwa na maji yanayozuia hewa ya maji machafu kupanda. Miezi mitano yamekauka. Mimineni jagi moja la maji kila tundu, pamoja na lile la sakafuni besimenti ambalo kila mtu hulisahau, na harufu itaondoka jioni hiyohiyo.

Besimenti kwenu ikiwa na shimo la pampu, ijaribuni kabla mvua za Aprili hazijaijaribu. Ndoo moja ya maji shimoni, na pampu iamke yenyewe. Isipoamka, hiyo ndiyo simu ya kwanza ya kumpigia fundi. Theluji inayoyeyuka juu ya ardhi ambayo bado imeganda chini haina pa kwenda ila ukutani kwenu. Hakikisheni pia mabomba yanayoteremsha maji ya paa yanayamwaga mbali na msingi, mita mbili hivi.

Lakini magata yenyewe hamtayasafisha ninyi. Nasema kwa upendo na bila kumung'unya: mwanamume aliyepita miaka 70 hana kazi juu ya ngazi. Nyonga iliyovunjika katika umri huo haimrudishi mtu alivyokuwa, na wengine haiwarudishi kabisa. Mlipeni kijana. Kama fedha ni haba, kijana wa msikitini au kanisani atakuja kwa sahani ya pilau na dua. Ngazi yetu tuliigawa, na mume wangu alinuna wiki mbili.

King'ora cha moshi na cha kaboni monoksidi bonyezeni mvisikie vikilia, na tazameni tarehe iliyoandikwa nyuma. King'ora cha moshi kilichopita miaka kumi kibadilishwe hata kama kinalia. Tokeni nje pia mtazame bomba la moshi wa hita linapotokea ukutani. Ndege hupenda kujenga hapo, na gesi inayorudi ndani haina rangi wala harufu.

Panya. Nyumba iliyo kimya na yenye joto la nyuzi 12 ni hoteli kwao, na wanapita kwenye tundu la upana wa kalamu. Mkikuta kinyesi chao kabatini, msichukue fagio, wala msiwashe mashine ya kuvutia vumbi. Vumbi la kinyesi na mkojo wa panya wa porini linaweza kubeba virusi vya hanta. Fungueni madirisha nusu saa, vaeni glavu, lowesheni kinyesi kwa mchanganyiko wa sehemu moja ya jiki na tisa za maji, subirini dakika tano, kisha futeni kwa karatasi na mtupe. Baadaye tafuteni tundu, mlizibe kwa nyuzi za chuma.

Gari nalipita haraka: betri ichajiwe, upepo wa matairi upimwe, na matairi ya theluji yasivuliwe mpaka joto lizoee kuwa juu ya nyuzi 7 hata asubuhi. Aprili ya Toronto huleta theluji wakati watu wamekwisha kuaga sweta.

Wiki ya pili ni ya karatasi. Chukueni kalenda ya ukutani, kalamu nyekundu, na pasipoti zote mbili, mkae mezani mhesabu siku. Hapa Ontario, ili bima ya afya ya mkoa iendelee, mtu haruhusiwi kwa kawaida kuwa nje ya mkoa zaidi ya siku 212 ndani ya miezi 12 yoyote. Sikilizeni neno "yoyote". Haihesabiwi kuanzia Januari. Tukiondoka tarehe 15 Novemba na kurudi tarehe 15 Aprili tumetumia siku 151, na zinabaki 61. Zinaonekana nyingi mpaka Julai simu inapolia kwamba shangazi amefariki, mnakwenda kuzika, mnakaa arobaini, na Novemba ileile mnataka kuondoka tena kama kawaida. Hapo ndipo watu wanapojikuta wamevuka mstari bila kukusudia. Siku za msiba hatuzipangi, kwa hiyo ziwekeeni akiba.

Malipo ya uzeeni ya serikali kuu nayo yana hesabu yake. Aliyeishi Kanada pungufu ya miaka 20 tangu atimize umri wa miaka 18, akikaa nje zaidi ya miezi sita, malipo yanasimama. Ile nyongeza wanayopewa wazee wenye kipato kidogo inasimama kwa kila mtu anayepitisha miezi sita nje, hata aliyeishi hapa miaka 40. Wengi wetu tulikuja tukiwa watu wazima, wengine kama wakimbizi tukiwa na watoto mgongoni, na miaka yetu ya ukaazi haikufika 20. Kwa watu kama hao wiki moja ya ziada ufukweni inaweza kukata chakula cha mezani.

Na tarehe 30 Aprili ni mwisho wa kuwasilisha hesabu za kodi. Wako wanaosema, mimi sina kipato, niwasilishe nini? Wasilisha. Nyongeza hiyo ya wazee hupangwa upya kila Julai kwa kutazama hesabu hizo, na asiyewasilisha hukuta Julai akaunti imekauka. Mume na mke kila mmoja hujaza yake, ingawa kipato chao hutazamwa kwa pamoja. Maktaba na vituo vingi vya jamii huwa na watu wa kujitolea wanaowajazia wazee bila malipo mwezi Machi na Aprili. Wekeni miadi kwa simu mkiwa bado Tanga, maana mkifika nafasi zimejaa. Ninyi mlioko Marekani, tarehe yenu ni 15 Aprili, na kumbukeni kwamba Medicare kwa kawaida haigharimii matibabu nje ya nchi hiyo, hivyo bima ya safari nunueni kabla ya kuondoka.

Sasa tumefika kwenye udongo, na najua mmeungoja.

Mwenzangu ni mtu wa shamba. Baba yake alilima muhogo na minazi, na nikimtazama akisimama dirishani siku ya kwanza, chai mkononi, naona macho yake yanahesabu matuta. Mwaka wetu wa pili wa safari hizi alitoka na jembe siku ya nne baada ya kutua. Udongo wetu ni wa mfinyanzi, na ulikuwa umelewa maji ya theluji. Alilima siku mbili, akaridhika, akalala na mgongo. Kufika Juni matuta yalikuwa yamekauka yakawa matofali. Mizizi ilishindwa kupita, na mwaka ule tulinunua mboga dukani. Udongo mbichi ukikanyagwa unashikamana, hewa inatoka, na kuurudisha inachukua misimu.

Kipimo ni hiki. Chota konzi moja ya udongo kutoka kina cha kidole, uufinye kiganjani, kisha uguse donge kwa kidole gumba. Likisambaratika, lima. Likibaki limeshikamana na kung'aa kama linalongojea kuwa chungu, rudi ndani. Rudia baada ya siku tatu. Kwetu kipimo hicho hukubali mwishoni mwa Aprili, mwaka mwingine mapema Mei.

Wiki hizo za kungoja si za bure. Vitunguu saumu tulivyopanda Oktoba huwa vimechomoza vyenyewe kupitia majani makavu, vijani kabisa, na kuvikuta hai baada ya miezi mitano ya theluji hunipa furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Viondoleeni majani yaliyogandamana, basi. Dirishani nako kuna kazi. Nunueni kiazi kitamu, kile kilicholimwa bila dawa maana vingine vimetiwa dawa ya kuzuia kuchipua, mkilaze nusu yake kwenye udongo laini wenye unyevu, mkiweke dirisha lenye jua. Kikianza katikati ya Aprili, mwanzo wa Juni mtakuwa na vikonyo vya kutosha kupanda matembele tuta zima. Nyanya na pilipili zilitakiwa zianze Machi mlipokuwa bado mnakula embe za mwisho, kwa hiyo miche inunueni, wala msijione wavivu. Na wiki moja ya Aprili mwishoni au Mei mwanzoni nendeni High Park kutazama micheri ikichanua, ile iliyoanza kwa miche ambayo watu wa Tokyo waliupa mji huu mwaka 1959. Maua hayo hayakai. Nendeni siku ya kazi, asubuhi, msongamano ukiwa haujaanza.

Udongo ukikubali, tangulizeni vinavyovumilia baridi: sukuma wiki, spinachi, giligilani, vitunguu maji, njegere. Sukuma haiogopi jalidi, na jani lililopigwa na baridi kidogo lina utamu kuliko la Julai. Mchicha, bamia, kunde, maboga na matembele ni watoto wa joto. Ukiwatia kwenye udongo baridi wanaoza mbegu au wanadumaa, na mmea uliodumaa utotoni haukui vizuri tena. Wakulima wa hapa wana desturi ya kungoja Victoria Day, Jumatatu inayotangulia tarehe 25 Mei, kwa sababu baada yake jalidi ni nadra. Mimi kwa bamia naongeza hata wiki mbili. Nalowesha mbegu usiku mmoja, nazipanda kwenye vikopo ndani ya nyumba mapema Mei, na zikiwa na majani manne nazitoa nje zizoee: siku ya kwanza saa moja kivulini, siku ya pili saa mbili, hivyo hivyo kwa siku kumi, na usiku zinarudi ndani.

Mbegu za kutoka nyumbani, najua mnazo kwenye pindo la kanga. Msizifiche. Tangazeni kila mbegu na kila chakula mnapofika uwanjani, afisa ataamua. Udongo wenyewe hauruhusiwi hata chembe, kwa hiyo viatu vya shamba vioshwe kabla ya safari.

Na mkitoka bustanini jioni, kaguaneni. Kupe wa huku wenye ugonjwa wa Lyme huamka joto likipita nyuzi 4 tu, na wapo mpaka ndani ya Toronto, kwenye bonde la Rouge tunakopenda kutembea. Tazameni nyuma ya magoti, kwapani, kinenani, kwenye mstari wa nywele. Kupe anayetolewa mapema, kabla hajamaliza siku moja, hapati nafasi kubwa ya kuambukiza. Mng'oeni kwa kibano, taratibu, mkivuta moja kwa moja juu.

Jambo moja linahusu ninyi wawili zaidi ya nyumba. Tanga tulikuwa tumezungukwa. Mlango haufungwi, mtoto wa jirani anaingia kuomba chumvi, mwenzangu yuko barazani na wenziwe, mimi niko uani na wifi zangu, na tunaonana usiku. Ghafla tuko wawili peke yetu kwenye nyumba iliyofungwa madirisha, kazi zimejaa, usingizi haujatulia. Ugomvi wetu mkubwa karibu wote umetokea Aprili. Siku hizi tumegawana: maji, gari na bustani ni vyake, dawa, karatasi na chakula ni vyangu, na hakuna anayemsahihisha mwenzake kabla ya saa nne asubuhi. Ijumaa ya kwanza tunaalika watu. Chakula ni cha kawaida, wali na maharage ya nazi, lakini nyumba inapata sauti.

Jirani aliyetutunzia nyumba tunampelekea kahawa ya Kilimanjaro, karafuu, kanga moja kwa mkewe, pamoja na bahasha. Msitoe zawadi mkaacha bahasha. Amekanyaga theluji kwa ajili yenu miezi mitano.

Na nyumba ya Tanga? Masika yanapiga, simu inalia kwamba bati linavuja, ukuta wa uani umelegea. Tumekubaliana kupiga simu kule Jumapili tu, saa nne asubuhi ya huku, ambayo kule ni saa kumi na moja jioni. Kijana anayeitunza ana fedha kidogo mkononi za dharura na ana akili yake. Kuendesha nyumba mbili kila siku kwa simu hakuwezekani, na anayejaribu hulala mchana na kukesha usiku.

Nawe mwanetu unayesoma haya ukiwa Brampton au Mississauga, na wazazi wako wanatua Jumamosi: usingoje kuwapokea uwanjani tu. Nenda kwao Ijumaa jioni, pandisha hita, tandika kitanda kwa shuka safi, weka maziwa, mkate, mayai na ndizi jikoni, na makoti yao mawili yatie kwenye gari lako uende nayo Pearson. Koki ya maji usiiguse. Waletee madumu mawili ya maji ya kunywa na ndoo za kuogea za usiku huo, na Jumapili mchana, wakishalala, uje ushike simu upande wa bafuni.